Pikipiki isiyonguruma: Mtoto atajuaje kama inakuja?

Somo la kuvuka barabara mtoto hulipata kabla hajajua kusoma. Anashikwa mkono, anasimamishwa kando, anaambiwa atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Kigali na Bujumbura, ambako magari hupita mkono wa kulia, huanza kutazama kushoto. Mwisho huongezewa neno moja ambalo wazazi wengi walilipokea kwa wazazi wao: "Na usikilize. Kama kuna kitu kinakuja, utakisikia."

Neno hilo la mwisho limeanza kuwa na walakini.

Kwa miaka mingi sikio limekuwa likifanya nusu ya kazi ya kumlinda mtoto barabarani. Bodaboda ilisikika ikipanda kilima kabla haijaonekana. Daladala ilijulikana kwa muungurumo wake hata ikiwa nyuma ya ukuta. Mama aliyekuwa jikoni aliweza kumwita mwanawe arudi barazani kwa sababu tu amesikia lori likikata kona. Leo katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki kuna pikipiki, bajaji, magari na mabasi yanayotumia umeme, na yakienda polepole hayatoi sauti ya kumshtua hata paka aliyelala njiani.

Si jambo la kulaani moja kwa moja. Umeme unapunguza moshi mitaani, na mzazi anayelaza mtoto mchanga kwenye nyumba iliyo kando ya stendi anajua thamani ya utulivu. Lakini utulivu huo una gharama yake, na nchi zilizotangulia kuutumia zililazimika kutunga sheria za kuyarudishia magari sauti. Sheria hizo zimesaidia. Tatizo ni kwamba zimeandikiwa chombo kisichokuwa kile kinachompita mtoto wa Afrika Mashariki kila asubuhi akienda shule.

Kwa nini vyombo hivi viko kimya

Injini ya petroli au dizeli huchoma mafuta kwa milipuko midogo midogo ndani ya silinda, mingi kwa kila sekunde, na huendelea hivyo hata gari likiwa limesimama. Ndiyo ule muungurumo uliozoeleka. Mota ya umeme haina milipuko. Huzungushwa na nguvu ya sumaku, na gari likisimama nayo husimama. Kinachobaki ni mluzi mwembamba wa mota na mlio wa tairi zikikanyaga lami.

Basi tairi ndizo zinazoamua. Gari likiwa kwenye kasi, mlio wa tairi na upepo huwa mkubwa kuliko wa injini, na ndiyo maana kwenye barabara kuu gari la umeme na la petroli husikika karibu sawa. Tofauti kubwa ipo kwenye mwendo wa chini ya kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Kwa bahati mbaya huo ndio mwendo wa mahali watoto walipo: kwenye geti la nyumba, maegesho ya sokoni, uchochoro wa mtaani, mbele ya shule wakati wa kushusha wanafunzi. Na ndio mwendo wa gari linalorudi nyuma.

Wasioona ndio waliotoa taarifa kwanza

Waliotambua hatari hii mapema hawakuwa mafundi wala polisi. Walikuwa watu wasioona.

Mtu asiyeona hutumia sauti kujua gari liko wapi, linaelekea wapi, limesimama au linaondoka. Akifika njia panda na fimbo yake nyeupe, hutega sikio kwanza ndipo aamue kuvuka. Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa zamu, yalipoanza kuenea Marekani miaka ya 2000, hasa Toyota Prius, chama cha wasioona cha nchi hiyo, National Federation of the Blind, kilianza kudai kwamba yapo magari ambayo wanachama wake hawayasikii yakija.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Lawrence Rosenblum wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, alieleza matokeo ya jaribio lililounga mkono madai hayo. Watu walisikilizishwa sauti za magari yanayokaribia kwa mwendo wa polepole, wakatakiwa kusema linatoka upande gani. Gari la haibridi likitumia umeme lilihitaji kuwa karibu zaidi kwa asilimia 40 kuliko la petroli ndipo msikilizaji atambue lilipo. Kwa mtu mzima anayetembea kwa utulivu hizo huenda ni hatua chache tu. Kwa mtoto anayekimbilia mpira uliotoka nje ya geti, hatua hizo chache ndizo zote alizonazo.

Mwaka 2009 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikatoa hesabu zake kutoka kumbukumbu za ajali. Wakati wa kupunguza mwendo, kusimama, kurudi nyuma au kuingia na kutoka kwenye maegesho, uwezekano wa gari la haibridi kumgonga mtembea kwa miguu ulikuwa karibu mara mbili ya gari la kawaida.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka kidogo. Japani ilitoa mwongozo wa kuweka sauti kwenye magari ya aina hiyo Januari 2010. Januari 2011 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya Marekani iliyotaka magari ya umeme na haibridi yasikike, ingawa kanuni zake za kiufundi hazikukamilika mpaka Desemba 2016. NHTSA ilikadiria kuwa zingeepusha majeruhi wapatao 2,400 kwa mwaka. Umoja wa Mataifa nao ukapitisha kanuni yake namba 138 mwaka 2016. Umoja wa Ulaya uliweka tarehe mbili: Julai 1, 2019 kwa aina mpya za magari, na Julai 1, 2021 kwa kila gari jipya la umeme au haibridi linaloingia sokoni.

Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi ulikuja baadaye, kutoka Uingereza. Mwaka 2024 watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walichapisha uchambuzi wa ajali za watembea kwa miguu za mwaka 2013 hadi 2017. Kwa kila maili iliyosafiriwa, magari ya umeme na haibridi yalimgonga mtembea kwa miguu mara mbili zaidi ya yale ya petroli na dizeli, na hatari ilikuwa kubwa zaidi mijini kuliko vijijini. Watafiti wenyewe walitahadharisha kuwa huenda sehemu ya tofauti hiyo inatokana na madereva: wenye magari hayo wanaweza kuwa vijana zaidi, wasio na uzoefu mrefu. Ni angalizo la haki. Lakini ikumbukwe pia kwamba miaka hiyo ni kabla ya sheria ya sauti ya Ulaya kuanza kufanya kazi, kwa hiyo takwimu hizo zinaonyesha kinachotokea magari yanapoachwa kimya.

Sauti ya kutengeneza

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Spika isiyopitisha maji hufungwa upande wa mbele wa gari, na wakati mwingine nyuma pia. Kompyuta ya gari husoma mwendo na kuamua sauti itoke vipi. Mfumo huo hujulikana kwa kifupi kama AVAS. Nissan, ambao waliuweka kwenye Leaf tangu gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 2010, wao huuita VSP.

Sheria hazisemi gari lilie kama nini. Zinasema lisikike kiasi gani na libadilikeje. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inataka sauti isiyopungua desibeli 50 gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa, na desibeli 56 likifika kilomita 20, ikipimwa mita 2 kutoka katikati ya gari. Likirudi nyuma, isipungue desibeli 47. Ipo pia dari ya desibeli 75, ili gari lisigeuke kero. Desibeli 56 si kelele. Ni karibu na sauti ya watu wawili wanaozungumza kawaida sebuleni.

Zaidi ya hapo, sauti lazima ipande gari linapoongeza mwendo na ishuke linapopunguza, ili sikio lijue kama chombo kinakaribia au kinasimama bila jicho kusaidia. Na haitakiwi kuwa mlio wa noti moja tu. Lazima iwe na sehemu angalau mbili za masafa, mojawapo ikiwa ya chini, kwa sababu watu wenye umri mkubwa hupoteza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba za juu. Babu anayempeleka mjukuu shuleni naye alifikiriwa.

Kuna sababu nyingine ya kukataa mlio mmoja mwembamba. Sikio hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha kinachofika sikio la kulia na la kushoto. Sauti yenye mchanganyiko mpana, kama mvumo wa maji au upepo, humpa ubongo vitu vingi vya kulinganisha. Mlio mmoja wa "piii" humwambia mtu kuwa kuna kitu, lakini humwacha akigeuza kichwa huku na huku akikitafuta.

Watengenezaji walijifunza hayo kwa vitendo. Jaguar walipokuwa wakiandaa sauti ya gari lao la I-PACE, jaribio la kwanza lilifanana na chombo cha anga za juu kwenye filamu. Watembea kwa miguu walipolisikia likija wakatazama juu. Sauti ikabadilishwa, na mpya ikajaribiwa kwa msaada wa watu wasioona. BMW wao walimwita Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu, awasaidie kutunga sauti za magari yao. Tesla waliweka kipengele kilichomruhusu dereva kupiga sauti aitakayo kwa spika ya nje huku gari likitembea, na Februari 2022 wakalazimika kuyarekebisha magari zaidi ya 578,000 nchini Marekani kwa sababu sauti hizo zingeweza kufunika ile ya tahadhari. Dereva anaweza kuona ni mchezo. Kwa asiyeona aliyesimama kando ya barabara, gari linalolia kama mbuzi si gari.

Wala si mambo mapya kama yanavyoonekana. Teksi za umeme zilikuwepo London mwaka 1897, za Walter Bersey, na watu wakazipa jina la utani la ndege mdogo anayevuma kwa mabawa yake. Zilivuma, basi zilisikika. Shida ya leo ni kwamba uhandisi umekuwa mzuri mno.

Pikipiki imeachwa nje

Hapa ndipo mzazi wa Kigali, Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anapopaswa kusoma kwa makini. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa inahusu magari ya abiria, mabasi na malori. Ya Marekani inahusu magari madogo na haigusi pikipiki. Vyombo vya magurudumu mawili na matatu havimo. Pikipiki ya umeme inaweza kutimiza kila kanuni iliyotajwa hapo juu bila kutoa sauti yoyote, kwa sababu hakuna hata moja inayoihusu.

Na Afrika Mashariki umeme unaingia kwa kupitia pikipiki. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kuweka pikipiki za umeme za abiria barabarani mwaka 2019, na kuanzia Januari 2025 serikali ya Rwanda ilielekeza kuwa pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria jijini humo ziwe za umeme tu. Kenya, Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa Septemba 2023, na Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Ethiopia, mapema mwaka 2024, ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari yasiyo ya umeme. Kwa dereva wa bodaboda hesabu ni rahisi: anabadilisha betri kwenye kituo badala ya kununua petroli, na mwisho wa siku anabaki na kitu mfukoni. Hakuna sababu ya kumzuia.

Lakini pikipiki ina tabia zake. Haikai kwenye njia moja. Hupita katikati ya foleni, hupanda ukingo wa barabara, hukatiza uchochoro, huingia mpaka mlangoni mwa nyumba. Tairi zake ni mbili na nyembamba, kwa hiyo hata ule mlio wa tairi unaolifichua gari la umeme kwake ni mdogo. Mtoto aliyezoea kwamba bodaboda hutangaza ujio wake tangu mwanzo wa mtaa anaweza kugeuka na kuikuta ubavuni.

Yapo mambo mawili ambayo hata sheria ya Ulaya ikichukuliwa ilivyo haitayamaliza. La kwanza ni kelele za mtaani. Desibeli 56 zinasikika vizuri kwenye mtaa tulivu wa Ulaya. Zipeleke Kariakoo saa 10 jioni, au kwenye stendi ya matatu ambako kila basi lina muziki wake, uone kama zitamfikia mtu. La pili ni kwamba kuongeza sauti ili ishinde kelele ni kuongeza kelele yenyewe. Wanaopinga sauti za kutengeneza husema tumepata bahati ya miji kutulia, kwa nini tuiharibu? Hoja yao ina uzito mkubwa kuliko wanavyopewa. Jibu lililo bora ni lile lililomo kwenye kanuni zenyewe: sauti ya wastani, kwa mwendo wa chini tu, inayozimika tairi zinapoanza kusikika. Kwa pikipiki inayoingia mtaani kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, spika ndogo ya aina hiyo ingetosha. Mamlaka za viwango na za usafiri katika nchi hizi ndizo zenye uwezo wa kuitaka kabla pikipiki hizo hazijafikia mamilioni, maana kufunga kifaa kiwandani ni kazi ndogo kuliko kufukuzana na bodaboda mtaani baadaye.

Sikio la mtoto si la mtu mzima

Wazazi wengi huamini kwamba watoto wana masikio makali. Ni kweli kwa sauti nyembamba. Lakini kusikia sauti ni jambo moja, na kujua kuwa ni chombo, kinatoka upande gani na kiko umbali gani ni jambo jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Idaho nchini Marekani waliwasikilizisha watoto wa miaka 6 hadi 9 sauti za magari yanayokaribia, wakawalinganisha na watu wazima. Watu wazima waliyagundua mapema zaidi.

Macho nayo yana mpaka wake. Utafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto wa shule ya msingi hawawezi kukadiria vizuri ujio wa gari linalokwenda zaidi ya kilomita 32 kwa saa. Gari la kasi huonekana kwao kama halisogei. Si ubishi wala uzembe, ni ubongo ambao haujakomaa.

Ongeza na kimo. Mtoto wa miaka sita haoni juu ya gari lililoegeshwa, na dereva hamwoni yeye. Ongeza tena imani waliyo nayo watoto wadogo kwamba wao wakiliona gari, basi na gari limewaona. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sauti ya injini ilikuwa inaziba sehemu ya mapengo hayo bila mtu kuiomba.

Kwa hiyo neno la kumfundisha mtoto linabadilika kidogo. Kusikiliza kubaki, lakini kimya kisihesabiwe tena kama ruhusa. Mtoto aambiwe waziwazi kwamba siku hizi kuna pikipiki zisizonguruma, aonyeshwe moja, aiguse ikiwa imesimama, amwone dereva akiiwasha bila mlio. Watoto hukumbuka walichokiona. Akifika kwenye gari lililoegeshwa, asimame kwenye ukingo wake, achungulie, kisha ndipo atoke. Na hedifoni zikae kwenye begi mpaka afike nyumbani. Hili la mwisho linawahusu zaidi watoto wa sekondari, ambao hudhani somo la kuvuka barabara walishamaliza.

Gari lililotoka Japani

Familia nyingi hazitanunua gari jipya la umeme. Zitanunua haibridi iliyotumika kutoka Japani: Prius, Aqua, Note na nyinginezo zilizojaa mitaani tayari. Hapa mwaka wa kutengenezwa una maana. Japani ilifanya sauti ya tahadhari kuwa lazima kwa aina mpya za magari mwaka 2018, na kwa aina zilizokuwepo sokoni mwaka 2020. Gari la kabla ya hapo linaweza kuwa na sauti hiyo, linaweza kuwa halina, au linaweza kuwa na kitufe kinachoizima. Prius za mwanzo hazikuwa nayo kabisa. Mwaka 2010 Toyota waliuza kifaa cha kuongezewa kwa wenye Prius ya kizazi cha tatu waliokitaka.

Kulijua gari ni kazi ya dakika mbili. Mtu mmoja aliendeshe polepole kwa umeme kwenye uwanja, mwingine asimame kando. Kama hakuna mvumo wowote unaopanda na kushuka kulingana na mwendo, gari hilo ni bubu, na kila anayeliendesha anapaswa kujua hivyo. Kama kuna kitufe cha kuzima sauti, kisiguswe. Baadhi ya wenye magari hukizima wakidhani ni hitilafu.

Lipo jambo la nyumbani ambalo halizungumzwi vya kutosha. Gari la petroli likiwa limewashwa kila mtu uani anajua. La haibridi au la umeme linaweza kuwa limewashwa, liko tayari kuondoka, na uani kukawa kimya kabisa. Mzazi anashuka kufungua geti au kuchukua mzigo, mtoto anapanda kiti cha mbele kucheza. Taa ya READY kwenye dashibodi ndiyo inayosema ukweli, si masikio. Kabla ya kushuka, gari lizimwe kabisa na ufunguo uondoke na mwenye gari, hata kama ni kwa nusu dakika. Na kabla ya kurudi nyuma kutoka uani, dereva azunguke gari kwa miguu na kuhakikisha kila mtoto yuko mikononi mwa mtu au ndani. Zamani mtoto aliyekuwa nyuma ya gari alishtuliwa na injini akatoka mwenyewe.

Dereva wa bodaboda na lango la shule

Mtoto anayepelekwa shule na bodaboda ana dereva mmoja anayejulikana, na hapo mzazi ana nafasi ya kuzungumza. Kama pikipiki ni ya umeme, makubaliano yawe ya vitu vinavyoonekana: taa ya mbele iwake hata mchana, honi ipigwe kidogo kwenye kona isiyoona mbele, mwendo ushuke kuwa wa mtu anayekimbia taratibu kuanzia mita 100 kabla ya lango la shule, na mtoto ashukie upande wa lango, si upande wa barabara. Madereva wengi husikiliza, kwa kuwa nao ni wazazi.

Shule yenyewe inaweza kufanya zaidi. Dar es Salaam kuna mfano unaojulikana hata nje ya nchi: mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioweka matuta, njia za waenda kwa miguu, vivuko na alama kuzunguka shule za msingi zenye ajali nyingi, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center. Tuta halijali kama chombo kinatumia petroli au betri. Linapunguza mwendo wa vyote, na kwa mwendo mdogo hata dereva asiyesikika anapata muda wa kufunga breki. Kamati ya shule inayokusanya michango ya jengo inaweza kuliweka na hili kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Kwa mzazi anayetaka mtoto aelewe bila hotuba, kuna mchezo wa kufanya Jumamosi asubuhi. Mtoto akae barazani, ndani ya uzio, ameshikwa na mtu mzima, macho yamefumbwa. Jirani mwenye bodaboda ya petroli apite nje taratibu, kisha ipite ya umeme. Mtoto anyanyue mkono anapoisikia kila moja, na anayemshika aangalie chombo kilikuwa wapi mkono uliponyanyuka. Kisha warudie redio ya nyumba ya pili ikiwa imefunguliwa, kwa sababu ndivyo mtaa ulivyo siku nyingine zote.